Kucha zangu, hina, na ugonjwa ambao kila mtu aliuita fangasi

Mimi kazi yangu ni kupaka hina. Naitwa harusi za hapa Lamu, Langoni, Mkomani, Shela, mara nyingine Matondoni ama navuka na boti mpaka Mokowe, na nikifika wanawake wanajazana kwenye taa kuangalia mikono, ya bibi harusi na ya kwangu pia. Sasa fikiria mpakaji hina ambae kucha zake mwenyewe zina vishimo, mbili zimebanduka nchani, na gumba la kulia lina doa la manjano kama karatasi iliyofungiwa bajia. Kuna siku mama mmoja aliniangalia vidole, akamuangalia mwanawe, halafu akauvuta ule mkono wa bibi harusi pole pole kama anautoa jikoni. Hakusema kitu. Nikavaa glavu nikamaliza kazi, na ile pesa nilipokea lakini haikunikaa vizuri.

Fangasi. Hilo ndilo neno nlosikia miaka miwili mizima. Shangazi kasema fangasi, jirani kasema fangasi, chemisti mmoja (jina na mtaa sitaji) akaniangalia kwa juu ya kaunta, hata mkono hakuushika, akasema fangasi akanipa tyubu. Tyubu ikaisha nikapewa nyingine, halafu vidonge vya terbinafini, nikameza mpaka nikachoka. Bibi yangu peke yake alikuwa na neno lake, yeye alisema ni kijicho, watu wanaitazama sana mikono yangu, basi nikasomewa na kombe nikanywa na moyo ulitulia wallahi, ila kucha zilibaki vile vile.

Siku nlipopata daktari wa ngozi ilikuwa Mombasa, na kitu cha kwanza alichoniambia kilinishangaza. "Dada, vua mtandio kidogo nikuone kichwa." Nikamwambia daktari mimi nimekuja kwa kucha. Akacheka, akasema najua. Akapekua nyuma ya masikio, akaangalia pale nywele zinapoanzia, akaniuliza kuhusu viwiko, magoti, kitovu, na hata pale juu ya makalio ambapo mtu haonyeshi kila mtu. Ile mba yangu ya kichwani ambayo nimeichana miaka na mafuta ya nazi, ile nloiona ni kitu cha kawaida cha kila mtu, kumbe ndio ushahidi wenyewe. Mba na kucha, ugonjwa mmoja. Soriasisi.

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi lakini chanzo chake ni kinga ya mwili. Ile kinga ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu inakasirika bila vijidudu kuweko, inatuma kemikali za kuwasha moto mahali ambapo hapana vita, na ngozi ikipata hiyo amri inaanza kujitengeneza mbio mbio. Ngozi ya kawaida inachukua kama siku 28 hivi chembe kuzaliwa chini mpaka kufika juu na kupukutika. Kwenye soriasisi safari hiyo hiyo inaenda kwa siku 3 mpaka 5. Chembe zinafika juu bado changa, hazijakomaa, zinarundikana, ndio yale magamba meupe. Kwenye vitabu utasoma ngozi inakuwa nyekundu, na picha nyingi ni za watu weupe, kwa hiyo sisi tunajiangalia tunasema hapana hii si yangu. Kwenye ngozi nyeusi mabaka yanakuwa zambarau, kijivu ama kahawia iliyokoza, na hata yakipona yanaacha weusi ama weupe kwa muda. Nadhani hiyo peke yake imepoteza watu wengi.

Haiambukizi. Narudia kwa ajili ya yule mama: haiambukizi kwa kushikana mikono, kwa maji, kwa taulo, kwa hina wala kwa kula sahani moja. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu na ndani yake imeandikwa wazi kwamba ni wa kudumu, unauma, unaharibu sura, na hauambukizi. Zamani Ulaya watu wenye soriasisi walichanganywa na wenye ukoma na kutengwa nao, na haikuwa mpaka karne ya 19 ndio madaktari wakautenganisha vizuri. Kwa hiyo tusijione wajinga sana, hata wao iliwachukua muda.

Sasa tuje kwenye kucha zenyewe, kwa sababu hapa ndio kwenye utamu.

Ukucha tunauona kama kitu kimoja kigumu lakini una sehemu, na ugonjwa unaonekana tofauti kulingana na sehemu uliyoshika. Kuna shina, liko ndani ya nyama pale ukucha unapochomoza, na kile kinusu mwezi cheupe kwenye gumba ni kipande chake kinachochungulia nje. Shina ndio kiwanda. Halafu kuna nyama ya chini ambayo ukucha umelalia juu yake mpaka nchani.

Moto ukiwaka kwenye shina, ukucha unatoka kiwandani tayari na kasoro. Chembe za juu zinakuwa hazijashikana vizuri, kwa hiyo ukucha ukishachomoza zinabanduka vipande vipande kama lipu inavyobanduka kwenye ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, pale zilipobanduka panabaki kishimo. Kaka yangu anashona kofia, zile za vito zenye vitundu vidogo vidogo, na alipoviona vile vishimo akachukua kofia aliyokuwa nayo mapajani akaiweka karibu na gumba langu tukalinganisha. Sawasawa. Tofauti ni kwamba vishimo vyake yeye vimepangwa kwa hesabu na vyangu vimetawanyika tu kama mtu alietoboa akiwa amefumba macho. Na hiyo tofauti ni muhimu kuliko tulivyodhani, kwa sababu kuna ugonjwa wa nywele kunyonyoka mabaka mabaka ambao nao unaleta vishimo, ila vile mara nyingi ni vidogo na vimejipanga mistari, vya soriasisi vina kina na havina mpango. Kishimo kimoja viwili hata mtu asie na ugonjwa anaweza kuwa navyo, usikimbie hospitali, lakini ukihesabu vidole vyote ukapata zaidi ya 20 hapo ni haki yako kushuku. Shina likiumwa sana ukucha unakuwa na madoa meupe, ama unavunjika vunjika wote kama biskuti.

Moto ukiwaka kwenye nyama ya chini, hadithi ni nyingine. Pale ndio linatokea lile doa la rangi ya samli, linaonekana kwa ndani kama tone la mafuta limedondokea chini ya kioo. Hakuna fangasi mwenye alama kama ile. Ukucha unaanza kubanduka kuanzia nchani, unakuwa mweupe pale hewa ilipoingia, na mara nyingi pembeni ya ile sehemu ilobanduka kuna ukingo wa rangi ya kahawia ama manjano. Chini yake panajaa ukoko mgumu wa unga unga. Mara nyingine unaona vistari vyembamba vya damu, kama miba imeingia, ni mishipa midogo imepasuka.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote haya kwa pamoja, kidole hiki hivi na kile vile. Madaktari wana njia yao ya kupima, tangu 2003, wanaugawa kila ukucha robo nne wanahesabu robo ngapi zina dalili za shina na ngapi zina dalili za nyama ya chini, ukucha mmoja alama 0 mpaka 8, mikono yote miwili juu kabisa ni 80. Yangu ilikuwa 31. Nilimuuliza daktari hiyo ni pasi ama feli.

Na si ugonjwa wa nadra kama ninavyoufanya uonekane. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilikadiria watu wenye soriasisi duniani ni angalau milioni 100. Karibu nusu yao kucha zimeguswa wakati wowote ule utakaowaangalia, na katika maisha yao yote wanaofikiwa kucha ni wengi zaidi, inafika 80 mpaka 90 kwa mia. Wachache wana kucha peke yake bila baka lolote mwilini, na hao maskini ndio wanaohangaika zaidi, kwa sababu hata akivua mtandio hapana kitu cha kuonyesha.

Kwani fangasi haipo? Ipo, tena sana, joto na unyevu wa huku kwetu inaupenda. Inapenda zaidi vidole vya miguu, inaanza ukucha mmoja ama miwili, mguu mmoja kabla ya mwingine, na mara nyingi kuna ukungu wa katikati ya vidole unaowasha. Soriasisi mara nyingi inashika kucha nyingi za mikono na inaacha vile vishimo. Lakini kwa macho tu mtu anaweza kukosea, hata daktari, na kuna watu wenye vyote viwili kwa pamoja kwa sababu ukucha ulobanduka ni nyumba isiyo na mlango, fangasi anaingia akitaka. Ndio maana kuna kipimo, na mimi miaka miwili nimekula vidonge hakuna aliekitaja hicho kipimo. Wanakata kipande cha ukucha na kukwangua ule unga wa chini, wanaweka dawa ya kuyeyusha, wanaangalia kwa hadubini, na kingine wanakiotesha maabara, hicho cha kuotesha kinaweza kuchukua wiki 4. Kama umekuwa ukitumia dawa za fangasi mwambie daktari mapema, kwa sababu zinaweza kuuficha fangasi kipimo kikatoka safi na kumbe yupo. Sisi tuliozoea kukata kucha Ijumaa, basi kabla ya miadi acha Ijumaa moja ipite, maabara wanataka kitu cha kukata.

Kuna mambo mengine mawili yanayofanana na haya na hayatakiwi kusubiri. Moja ni laikeni plana, nao ni ugonjwa wa kinga, unafanya ukucha unakuwa mwembamba, unapata mistari ya urefu, unapasuka, na ukiachwa ile ngozi ya mwanzo wa ukucha inaota ikaungana na nyama ya chini na ukucha haurudi tena maisha. Soriasisi kwa kawaida haiachi kovu, hii inaacha. La pili ni mstari mweusi wa urefu kwenye ukucha. Sisi watu weusi mistari hiyo ni kawaida kabisa, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa, lakini ukiona mmoja peke yake, mpya, unapanuka, ama weusi umetoka mpaka kwenye ngozi ya pembeni, nenda haraka, inaweza kuwa saratani. Bob Marley ilimuanzia kwenye kidole cha mguu chini ya ukucha, wakadhani ni mpira umemuumiza, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Vijana wa hapa wanavaa fulana zake kila siku na hawajui hiyo.

Kuhusu kinachochochea. Kuna urithi, ndio, lakini urithi ni kuni tu, lazima kitu kiwashe. Msongo wa mawazo, maambukizi ya koo, sigara, pombe, dawa baadhi kama lithiamu, zile za presha za kundi la bita bloka, na klorokwini ile ya malaria tuliyomeza utotoni (usiache dawa ya presha kwa sababu umesoma hapa, mwambie tu daktari). Na kubwa kuliko zote kwa kucha ni kuumizwa. Daktari mmoja Mjerumani, Heinrich Köbner, aliliona hili karne ya 19, kwamba ngozi ya mtu mwenye soriasisi ukiikwaruza ugonjwa unatokea pale pale palipokwaruzwa. Sasa angalia mikono yetu. Unakuna nazi kwenye mbuzi, unapaa samaki, unamenya kamba, unafua, na kila ukipata nafasi unachukua ncha ya pini unachokonoa ule ukoko wa chini ya ukucha kwa sababu unakukera kuuona. Mimi nilikuwa nachokonoa kila usiku. Kila usiku! Nilidhani nasafisha, kumbe nilikuwa naubandua zaidi, na ndio maana gumba la kulia likawa baya kuliko yote. Siku hizi nakata fupi, sichokonoi, navaa glavu za mpira kwa kazi za maji na chini yake za pamba kama nipo muda mrefu, nikitoka kwenye udhu nafuta vizuri na usiku napaka mafuta mazito.

Hina yenyewe, ya majani, nilimuuliza daktari na akasema haina shida. Piko ndio shida. Ile nyeusi inayokolea kwa nusu saa si hina, ni rangi ya nywele, ina kemikali ya PPD, na inaweza kuleta malengelenge na mzio unaobaki nawe maisha yako yote, sasa ngozi ambayo tayari ina hasira ukiipaka hiyo umeitafutia sababu. Nimeacha kuipaka kwa mtu yeyote, wateja wengine wameniacha, sawa tu. Ila hina nayo ina kasoro yake kwa mgonjwa: inaficha. Lile doa la samli huwezi kuliona chini ya hina, kwa hiyo ukienda kwa daktari nenda na kucha tupu.

Matibabu, kwanza elewa saa ya ukucha. Ukucha wa mkono unaota kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kujibadilisha wote ni miezi 6, wa mguu mwaka mpaka mwaka na nusu. Dawa yoyote utakayoanza leo inatengeneza ukucha ambao bado hujauona, kile unachokiona ni habari za miezi ilopita. Watu wanaacha dawa wiki ya sita wanasema haifanyi kazi. Haijafika hata zamu yake.

Zikiwa kucha chache kuna dawa za kupaka, krimu kali za steroidi kama klobetasoli, na zile za jamii ya vitamini D kama kalsipotrioli, zinapakwa kwenye mzizi wa ukucha na chini yake pale ulipobanduka, juu ya ukucha wenyewe ni kama kupaka dawa kwenye mlango badala ya mgonjwa. Na hiyo klobetasoli mnaijua, ni ile ile inayouzwa kiholela kwa kujichubua, ukiipaka miezi bila kuangaliwa inakondesha ngozi, na kwenye ncha ya kidole imewahi kula mpaka mfupa. Kuna sindano ya steroidi inayochomwa pembeni ya mzizi, inasaidia sana kwa matatizo ya shina, inauma, mimi nimechomwa vidole viwili kwa ganzi na bado niliita mama.

Kucha zikiwa nyingi ama viungo vimeguswa ndio yanakuja ya kumeza na kudunga. Methotreksati ni ya zamani na bei yake inawezekana. Inamezwa mara MOJA kwa wiki, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu wameimeza kila siku kama panadoli na wamekufa, na si ya mwenye mimba wala anaetafuta mimba, na ini lazima lipimwe. Kuna dawa mpya za sindano zinazozuia zile kemikali za kinga moja moja, kwa kucha ndio zinafanya vizuri kuliko zote, lakini bei yake ni ya watu wengine, na kabla ya kuanzishwa lazima upimwe TB na homa ya ini. Cha kuogopa ni vidonge vya steroidi vya kumeza, unajisikia umepona kabisa halafu ukiviacha ghafla soriasisi inarudi na jeshi.

Kuna kitu kimoja nimekiacha mpaka sasa na pengine kilifaa kuja mwanzo. Viungo. Kano inayonyoosha ncha ya kidole inaishia pale pale jirani na shina la ukucha, zimeshikana kama mbao za mtepe, kile chombo cha zamani cha kushonwa, na kamba zake, kwa hiyo moto wa ukucha na moto wa kiungo cha mwisho cha kidole mara nyingi ni moto mmoja. Katika watu wenye soriasisi mpaka 3 kati ya 10 hupata ugonjwa wa viungo, ngozi ikitangulia mara nyingi kwa miaka kama 10, na wengi wao kucha zao ndio zilikuwa zimeshasema. Ukiamka asubuhi vidole vimekaza zaidi ya nusu saa, ama kidole kizima kimevimba kama soseji, ama kisigino kinauma pale nyuma bila sababu, usiseme ni baridi ama uzee. Na kipimo cha damu cha baridi yabisi kwa kawaida kinatoka safi, kwa hiyo ukiambiwa huna kitu mwambie daktari habari ya kucha. Kiungo kikishaharibika hakioti upya.

Miezi minne ilopita, kabla ya harusi ya binamu yangu, nilijipaka hina kucha zote mpaka kwenye mzizi, makusudi. Sasa hina imepanda na ukucha na imeacha mpaka, chini ya huo mpaka ni ukucha uliozaliwa baada ya dawa. Juu ya mstari kwenye gumba la kulia kofia ni ile ile. Chini yake nimehesabu vishimo vinne, kaka akaweka sindano chini akachukua mkono wangu akausogeza dirishani, akasema vitano.